Diwani ya Kwanza na Uzito wa Nafsi

Mshairi kijana wa Nairobi anayetoa diwani yake ya kwanza, yaani kitabu chake cha kwanza cha mashairi, kwa Kiswahili siku hizi huwa ameandika, kwa sehemu kubwa, juu ya nafsi yake mwenyewe: mapenzi yaliyovunjika, baba asiyezungumza, mama aliyechoka, mwili ambao mwenyewe hajauzoea, usiku usio na usingizi katika chumba cha kupanga pale Umoja au Kahawa West. Mashairi hayo huanza kusikika jukwaani, baadaye hukusanywa, hupigwa chapa kwa gharama ya mwandishi, na nakala huuzwa mkono kwa mkono huku malipo yakipitia M-Pesa. Kitabu kinapofika mbele ya wasomaji wazoefu, hasa walimu wa fasihi na washairi waliolelewa katika arudhi, yaani kanuni za utunzi zinazodai vina na mizani (hesabu ya silabi), huzuka ubishi ambao sasa umekuwa wa kawaida. Wapo wanaosema kwamba kijana amechapisha shajara na kuiita diwani. Wapo wanaojibu kwamba ushairi usiogusa moyo wa mtu ni hesabu ya mizani tu, na kwamba kizazi hiki kimethubutu kutamka mambo ambayo wazee waliyafunika. Nimezifuatilia hoja hizi kwa muda mrefu, na ninaona kwamba kila upande umeshika jambo la kweli ambalo upande wa pili haujalijibu ipasavyo.

Nianze na wanaolaumu, kwa kuwa mara nyingi hudhaniwa kuwa ni wazee wenye wivu, na dhana hiyo haiwatendei haki. Hoja yao ya kwanza ni ya mapokeo. Katika ushairi wa Kiswahili, mtunzi amehesabiwa kwa karne nyingi kuwa ni mtu anayesema na jamii yake: anayeonya, anayefunza, anayejibizana na watunzi wenzake, anayeweka kumbukumbu za vita na misiba. Kaluta Amri Abedi alipochapisha kanuni zake za utunzi mwaka 1954, aliandika akiamini kwamba utunzi ni elimu yenye sheria zinazoweza kufundishwa, na kwamba anayetaka kuitwa mshairi hana budi kuzijua sheria hizo kabla ya kuudai uhuru. Shule zetu zimeendeleza imani hiyo. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari hapa Kenya, anayekutana na shairi katika karatasi ya Fasihi huulizwa dhamira, ujumbe, bahari (yaani aina ya shairi), vina na uhuru wa mshairi, na kwa miaka minne huwa amezoea kuliona shairi kuwa chombo kinachobeba funzo. Kwa msomaji aliyelelewa hivyo, shairi linalosema tu kwamba mtu fulani ana huzuni, na likaishia hapo, halijakamilika.

Hata hivyo, hoja yao iliyo nzito zaidi haihusu mapokeo hata kidogo. Wanasema kwamba huzuni ni mali ya kila mtu, na kwa hivyo kuwa na huzuni hakumpi mtu yeyote cheo cha mshairi. Kinachompa cheo hicho ni kazi aliyoifanya juu ya huzuni hiyo. Msomaji anayeshika diwani ya mashairi sitini ambayo yote yanaanza na nafsi ya kwanza, yote yamejaa moyo, machozi, giza na maumivu, na yote yanamwelekea mpenzi mmoja asiye na uso, hufika shairi la kumi akiwa amechoka, wala uchovu huo si dalili ya ukatili. Amepewa kauli moja mara kumi. Anayemtetea kijana kwa kusema kwamba aliumia kweli hajaigusa hoja hii, kwa sababu hakuna aliyekanusha kwamba aliumia.

Upande wa pili una silaha nzuri pia, na ya kwanza inatoka katika mapokeo hayo hayo yanayotumiwa kuwakemea vijana. Si kweli kwamba ushairi wa Kiswahili ulikuwa wa jamii tu hadi juzi vijana wa mjini walipouleta chumbani. Mwana Kupona binti Msham, katika utenzi wake wa mwaka 1858 ambao wengi wanaukumbuka kwa mawaidha ya ndoa na dini, anaanza kwa kumwita bintiye aketi karibu naye na kumweleza kwamba maradhi yamemshika kwa mwaka mzima. Mawaidha yote yanayofuata yanasikika kutoka kitandani kwa mwanamke anayejua kwamba huenda asiishi. Shaaban Robert, ambaye kwetu amekuwa kielelezo cha mwandishi wa maadili, alimwombolezea mkewe Amina kwa shairi ambalo hadi leo husomwa na watu waliofiwa, ingawa hawajui mengine aliyoyaandika. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga juu ya siasa za Mvita na vita vyake, na katika tungo zake hizo hizo yamo mapenzi, njaa na ugomvi wa nyumbani.

Mfano mkubwa kuliko yote, kwa Mkenya, ni Abdilatif Abdalla. Alizaliwa Mombasa mwaka 1946, na mwaka 1969, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alifungwa kwa sababu ya waraka wake uliouliza Kenya ilikokuwa inaelekea. Katika kifungo hicho kilichoendelea hadi 1972, kwa muda mrefu akiwa ametengwa peke yake, alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Yalichapishwa hapa Nairobi mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Hii ni diwani ya kijana. Ni diwani ya mtu mmoja mwenye maumivu yake, anayesema na nafsi yake kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kusema naye. Ingekuwa kweli kwamba mashairi ya nafsi ya kijana hayafai kuchapishwa mpaka akomae, Kenya ingekosa mojawapo ya vitabu vyake vikuu vya ushairi.

Ninautaja mfano huu kwa uangalifu, kwa sababu watetezi wa vijana huutumia kwa haraka mno. Abdilatif hakuimwaga dhiki yake kama ilivyokuja. Aliipitisha katika mizani na vina, na mara nyingi akaivika umbo la kitu kingine kabisa: mamba anayejivunia nguvu zake mtoni, ndugu wawili wanaogombania mnazi. Msomaji asiyejua lolote juu ya kifungo chake bado ana shairi zima mkononi. Kwa hivyo kitabu hicho kinazishuhudia pande zote mbili kwa pamoja: kwamba nafsi ina haki ya kuwa kiini cha diwani, na kwamba haki hiyo hulipiwa kwa kazi. Lipo pia jambo la tatu ndani yake, ambalo nitalirudia baadaye kwa sababu naliona kuwa ndilo muhimu zaidi: aliandika kwa Kimvita, lahaja ya nyumbani kwao.

Silaha ya pili ya watetezi ni ya kijamii, nayo ni nzito kuliko wakosoaji wanavyokubali. Kuna mambo ambayo katika nchi hii hayajapata pa kusemewa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na ilikuwa Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Maana yake ni kwamba kijana aliyekuwa akiandika mashairi yake miaka michache iliyopita, na ambaye katika mojawapo alieleza jinsi alivyowahi kutaka kufa, alikuwa akiandika juu ya tendo ambalo sheria ilimtaka apelekwe polisi badala ya hospitali. Mvulana wa Eastlands aliyeambiwa tangu utotoni kwamba mwanamume halii, na ambaye anasimama mbele ya watu katika ukumbi wa katikati ya jiji akasoma shairi kuhusu kulia, anafanya kitendo chenye uzito hata kama shairi lenyewe ni dhaifu. Na mstari kati ya mambo ya nafsi na ya umma hauko pale wakosoaji wanapouchora. Aliyefiwa na ndugu katika maandamano ya tarehe 25 Juni 2024, akaandika juu ya viatu vya ndugu huyo vilivyobaki mlangoni, ameandika shairi la mapenzi ya kindugu na shairi la siasa kwa wakati mmoja, bila kulazimika kulitaja Bunge.

Hata hivyo, uzito wa kitendo si uzito wa shairi, na hapa ndipo watetezi wanaponiacha. Wanaposifu diwani kwa sababu mwandishi amejasiri, wanamhukumu mtu na kukiacha kitabu. Kijana anayesifiwa hivyo hubaki bila msaada wowote wa kumwezesha kuandika vizuri zaidi, na baada ya sherehe ya uzinduzi hupotea.

Sasa niseme ninaloliona mimi. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja bila kulichunguza: kwamba diwani hizi zina nafsi nyingi, upande mmoja ukisema nyingi mno na mwingine ukisema nyingi kwa haki. Nikizisoma kwa makini, mimi naiona nafsi ndani yake kuwa kidogo sana. Ninazikuta hisia, lakini hisia hizo hazina mwenyewe. Tuchukue beti nilioutunga kwa ajili ya mfano, ambao mtu yeyote aliyehudhuria usiku wa mashairi hapa Nairobi atautambua kwa sura:

Moyo wangu unalia,
machozi yanitiririka,
uliniacha peke yangu
katika giza la maisha.

Ni nani anayesema? Anasema na nani, wapi, baada ya nini? Beti huu ungeweza kuandikwa na kijana aliyeachwa na mpenzi, na mjane, na mtoto aliyefiwa na mzazi, na hata mfuasi wa timu iliyoshindwa. Anayeulaumu kwa kusema kwamba ni wa kibinafsi kupita kiasi ameulaumu kwa kosa ambalo hauna.

Chanzo cha lugha hii kinajulikana kwa yeyote aliyepitia shule zetu. Mtoto wa Nairobi hukutana na Kiswahili cha hisia darasani, katika somo la insha, ambapo hufunzwa mapambo na kuyakariri: machozi yalimtiririka njia mbili mbili, moyo ulimdunda kama ngoma, alipigwa na butwaa. Mapambo hayo humpa alama. Nyumbani na mtaani, anapogombana na dada yake au anapoagana na mpenzi kwenye steji ya matatu, hutumia lugha nyingine kabisa, iliyochanganya Kiswahili cha Nairobi, Sheng, na pengine Kikamba, Kidholuo au Kikuyu. Miaka inapita, anaumia kweli, anataka kuandika, anakaa chini, na Kiswahili pekee anachokiamini kuwa kinafaa kitabuni ni kile cha insha. Kwa hivyo anaupokea uchungu wake mwenyewe kwa maneno aliyoyakariri akiwa darasa la saba. Anachokiona mhakiki kuwa ni hisia zilizopita kiasi ni hisia zilizokosa lugha yake, zikaazima sare ya shule.

Ndiyo maana nilisema kwamba Kimvita cha Abdilatif ni jambo kubwa. Aliuandika upweke wake kwa maneno ambayo mama yake angeyatumia, kwa lahaja ambayo tayari ilikuwa imebeba mashairi kwa karne kadhaa. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania aliyetokea Ukerewe na ambaye diwani yake Kichomi ilichapishwa Nairobi mwaka 1974 na kuchochea mabishano makali juu ya mashairi huru, alieleza katika diwani hiyo kwamba alitaka kuleta katika ushairi lugha ya kawaida, ile ambayo watu huitumia katika mazungumzo yao ya kila siku. Ubishi uliofuata ulishika suala la vina na mizani, ukaendelea kwa miaka mingi, na suala hili la lugha ya kila siku likafunikwa. Naona lilikuwa na uzito usiopungua lile la vina. Washairi hao wawili walisimama pande tofauti katika swali la arudhi, lakini kila mmoja alijua ni maneno gani yaliyokuwa yake.

Tuujaribu tena mfano wetu. Tuseme kijana huyo alikuwa anaandika juu ya baba aliyeondoka nyumbani bila kuaga, na tuseme mtu alimkalisha akamuuliza: siku hizi, nyumbani kwenu, kutokuwapo kwake kunaonekana wapi? Huenda angeandika hivi:

Kikombe chako cha bati
kingali juu ya friji.
Mama hukiosha kila asubuhi,
hukifuta,
hukirudisha pale pale.

Humu hamna moyo, hamna machozi wala giza, na mtunzi hajasema kwamba anaumia. Lakini sasa tuna nyumba, tuna mwanamke, tuna muda uliopita, na tuna mtoto anayetazama bila kuuliza. Beti huu ni wa kibinafsi mara nyingi kuliko ule wa kwanza, na kwa sababu hiyo hiyo msomaji anaweza kuingia ndani yake akiwa na kikombe cha mtu wake mwenyewe.

Na wale wanaodhani kwamba shida yote ni mashairi huru, kwamba kijana akirejea kwenye arudhi hisia zake zitatulia, nao waone kwamba umbo halileti wala haliondoi kitu kama mtunzi hajakiona anachokiandika. Kilio kile cha kwanza kinaweza kutiwa katika mizani nane kwa nane na kikabaki tupu vile vile. Magazeti yamechapisha tungo za namna hiyo kwa miongo mingi. Lakini kikombe nacho kinaweza kuingia katika bahari ya mapokeo bila kupoteza kitu:

Kikombe chako cha bati, mama bado hukiosha,
Kila siku kwa wakati, chai yako huipasha,
Hasemi japo sauti, macho yake huyashusha,
Usiku hafungi geti, taa ya nje huiwasha.

Ninakiri kwamba, katika kuutunga beti huu wa mfano, geti na taa havikuwamo katika wazo la kwanza. Vililetwa na vina: nilihitaji maneno ya kuishia na ti na sha, na katika kuyatafuta nikamwona mama huyo usiku pia, na si asubuhi tu. Hilo ndilo jambo ambalo wapenzi wa arudhi wangepaswa kuwaambia vijana, badala ya kuwatisha kwa sheria: kwamba kizuizi cha kina humlazimisha mtunzi kutafuta, na katika kutafuta huona asichokuwa amekiona. Kijana anayeogopa arudhi kwa sababu aliijua kama swali la mtihani amenyimwa chombo ambacho kingemsaidia sana, hasa katika mashairi ya huzuni, ambayo huponyoka yasiposhikwa.

Msimamo wangu una udhaifu wake, na sitauficha. Kwanza, yapo mashairi ambayo ujumla wake ndio nguvu yake. Msichana aliyeketi nyuma ya ukumbi pale Alliance Française au Goethe-Institut, akasikia mtu akitamka tu kwamba moyo wake unalia, anaweza kuguswa kwa sababu maneno hayo hayana mwenyewe na kwa hivyo anaweza kuyachukua yakawa yake usiku ule. Jukwaani sauti ya msomaji, pumzi yake na ukimya wake huongeza kile ambacho maneno hayana. Nimeona hadhira ikisimama kwa shairi ambalo nililisoma baadaye kitabuni na sikulipata. Sisemi kwamba hadhira ilidanganyika. Ushairi wetu ulikuwa wa kusikilizwa na kuimbwa kabla haujawa wa kusomwa, na anayeudharau utendaji wa jukwaani hajui historia yake. Ninachosema ni kwamba ukurasa ni mahali pengine, na anayehamisha shairi kutoka jukwaani hadi kitabuni bila kulifanyia kazi upya ameacha nusu yake ukumbini.

Pili, lugha ya mtaani ninayoitetea huchakaa haraka. Sheng hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa na kutoka kizazi hadi kizazi. Maneno ya kutaja pesa pekee yamebadilika mara nyingi kiasi kwamba aliyekulia Buruburu miaka ya tisini hawezi kumfuata kila mara mwanawe wa leo. Diwani iliyojaa maneno ya msimu mmoja inaweza kuhitaji ufafanuzi kabla mwandishi wake hajafika miaka arobaini, na msomaji wa Zanzibar au Tanga anaweza kufungiwa mlango tangu siku ya kwanza. Hofu hii ni ya haki. Ningependa tu ipimwe kwa mizani ile ile inayotumiwa kwa wengine: wasomaji wa bara huhitaji ufafanuzi wa maneno ya Kimvita na ya Kiamu, lahaja ya Lamu, pia, na hatujawahi kusema kwamba hilo ni kosa la Muyaka. Tunaupa uzito wa heshima msamiati wa pwani kwa sababu una historia, na tunausahihisha kwa kalamu nyekundu msamiati wa Nairobi kwa sababu historia yake bado ni fupi. Lakini kijana anayeandika keja kwa sababu hajawahi kuishi katika kitu alichokiita chumba cha kupanga ametumia neno sahihi, na mhariri mwenye sikio atajua ni lini la kuliacha na ni lini la kulibadilisha.

Mhariri huyo yuko wapi? Hapa ndipo lawama nyingi zinazomwangukia kijana zingepaswa kusogezwa. Wachapishaji wakubwa wa Nairobi huishi kwa soko la shule, na diwani ya mtu asiyejulikana ambayo haitarajiwi kuteuliwa kuwa kitabu cha darasani ni hasara kwao tangu mwanzo. Kwa hivyo kijana huomba nambari ya ISBN kutoka Huduma ya Maktaba za Kitaifa, huwapelekea wachapaji wadogo wa River Road faili aliyoipanga mwenyewe au kupangiwa na rafiki, na hulipa kutoka mfukoni. Mitambo ya kidijitali inakubali kuchapa nakala chache, jambo ambalo limefungua mlango kwa wengi na ambalo nalifurahia kwa dhati. Katika mkondo mzima huo, hata hivyo, hapana mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumwambia mwandishi kwamba kati ya mashairi sitini, ishirini na mawili ndiyo yaliyoiva, kwamba shairi la tatu na la thelathini ni moja, kwamba beti wa mwisho unafafanua kile ambacho beti wa kwanza ulikuwa umeshakionyesha. Wakosoaji wanaosema kwamba kijana angesubiri miaka kumi hawajaeleza angesubiri akifanya nini, na akisomwa na nani. Kusubiri peke yake hakumfundishi mtu kuandika. Kusomwa na mtu makini, kalamu mkononi, kunafundisha, na wengi wa walimu na malenga wanaolalamika wangeweza kuifanya kazi hiyo kwa mswada mmoja kwa mwaka.

Baada ya hayo yote linabaki jambo ambalo sijaona upande wowote ukilijadili kwa uzito wake, nalo ni haki ya watu wanaoandikwa. Shairi la nafsi halimhusu mwenye nafsi peke yake. Lina baba ndani yake, lina mpenzi wa zamani, lina dada ambaye mimba yake ilifichwa, lina mama. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya mambo ya familia yake kutofichuliwa pasipo sababu. Ibara ya 33 nayo inalinda uhuru wa kujieleza na uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Sidai kwamba shairi linamfanya kijana kuwa mhalifu, na singependa kuona mahakama zikiamua mambo ya beti. Lakini maadili hutangulia mahakama, na ni lazima nikubali kwamba ushauri wangu mwenyewe unalifanya tatizo hili kuwa gumu zaidi. Beti wa moyo unaolia haumfichui mtu yeyote. Beti wa kikombe unamfichua mama: majirani wote wa ploti wanalijua friji lile, na sasa wanajua kwamba bado anamngoja mtu, na kwamba geti lake halifungwi usiku. Kadiri shairi linavyokuwa sahihi ndivyo linavyochukua kitu kutoka kwa mtu ambaye hakuulizwa.

Jibu linalosikika mara nyingi katika darasa la fasihi, kwamba anayesema ni nafsineni, yaani sauti inayosikika ndani ya shairi, na si mshairi, ni kweli kwa mhakiki na halimsaidii mama. Majirani hawasomi nafsineni. Wanamsoma mtoto wa fulani. Kubadilisha jina la mtaa au kumgeuza mama kuwa shangazi kunasaidia wakati mwingine, ingawa katika mashairi mengine kunaua kile kilicholifanya shairi kuwa hai. Rai yangu ni kwamba anayeandikwa, akiwa yu hai na akiwa hakumdhuru mwandishi, asomewe shairi hilo nyumbani kabla halijasomwa ukumbini. Aliyemdhuru mwandishi hana dai hilo. Aliyepigwa haombi ruhusa ya aliyempiga. Lakini mama yule wa kikombe anastahili kulisikia kwanza, kwa sauti ya mwanawe, na kusema anachotaka kibaki na anachotaka kitoke. Akisema kikombe kichapishwe na geti lisichapishwe, mshairi ana mshororo wa nne wa kuutunga upya, wenye kina kile kile cha ti na cha sha, na kazi hiyo ifanyike kabla mswada haujapelekwa River Road.